Wayao Watatu wa Kwihara

Mwaka 1965 kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha tamthilia ya kauboi kuhusu mwanamume aliyepigwa risasi na kuachwa nyikani afe. Hafi. Anaokotwa, anatibiwa, anafumbua macho, na hajui yeye ni nani. Wanamwita Shenandoah, jina la mto na bonde la kule Virginia, maana lazima mtu aitwe kitu. Robert Horton ndiye aliyemwigiza. Wiki baada ya wiki Shenandoah anapanda farasi, anaingia mji mwingine wenye vumbi, anawatazama watu usoni akitumaini kwamba mmoja wao atashtuka na kumtambua. Tamthilia ilikwenda msimu mmoja tu, ikakoma mwaka 1966.

Nimeifikiria sana hadithi hiyo kila ninaposoma habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, kisha ikateremka hadi Ujiji. Inanivuta kwa sababu shida ya Shenandoah ilikuwa shida ya maelfu ya watu waliokanyaga njia hiyo. Inaniudhi pia, kwa sababu inamfanya mtazamaji aamini kwamba kusahau ni ajali: risasi moja, siku moja, mtu mmoja. Kabla ya risasi kila kitu kilikuwa mahali pake, jina lipo, nyumba ipo, pengine na mke yupo, na kazi iliyobaki ni kuvitafuta. Kwenye njia ya Tabora watu walisahaulishwa. Ilikuwa kazi ya mikono mingi, ikifanywa mchana kweupe, na malipo yake yalikuwa vitambaa.

Na nchi hizo mbili hazikuwa mbali kama tunavyodhani. Miaka ambayo filamu za kauboi huirudia mara kwa mara, ile iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndiyo miaka ya mtemi Mirambo wa Urambo. Karibu kila filamu ya aina hiyo ina kilabu cha pombe, na ndani ya kilabu pana mtu anayepiga piano. Vibonyezo vyeupe vya piano za Marekani vilichongwa kwa pembe za ndovu katika vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilinunuliwa Zanzibar. Zanzibar haina ndovu. Pembe zilitoka Manyema na kwingineko bara, zikapita Ujiji na Unyanyembe, nchi ya Tabora, zikafika pwani mabegani mwa watu. Kilichopelekwa bara kuzinunua, pamoja na shanga na nyaya, kilikuwa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita vyao vilipoanza mwaka 1861 merikani iliadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo yule bwana wa kwenye farasi asiyejua jina lake, na mtu wa huku aliyenyang'anywa la kwake, walikuwa ndani ya biashara moja.

Mtu wa huku ninayemfikiria kwanza ni Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa Uyao, karibu mwaka 1820. Habari za utoto wake tunazo kwa sababu alimsimulia John Hanning Speke, naye Speke akaziweka kitabuni. Walizungumza Kihindustani, lugha waliyoipata wote wawili India, mmoja akiwa ofisa wa jeshi na mwingine akiwa mtumwa. Mama yake Bombay alimkumbuka kwa mbali sana, maana alifariki mwanawe akiwa mchanga. Alipofikia umri wa kama miaka 12, wafanyabiashara wa pwani walikizingira kijiji chao wakiwa na bunduki, wakidai madeni. Wanakijiji walikimbia na wengi wakakamatwa. Baba yake aliuawa au alitoroka, mtoto hakupata kujua. Akaswagwa hadi Kilwa, akavushwa hadi soko la Zanzibar, akabadilishwa kwa kitambaa, akavushwa tena hadi India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar, akaingia katika jeshi la Sultani. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Speke na msafiri mwenzake Burton wakamkuta ngomeni Chogwe, karibu na Pangani, wakamwajiri.

Masimulizi hayo yana bunduki, yana deni, yana bandari. Jina alilopewa na wazazi wake halimo, wala leo halijulikani popote. Mubarak ni jina la aina waliyopewa watumwa. Bombay ni mji. Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa kule India. Mtu mzima mwenye akili na ucheshi, ambaye hata Burton aliyekuwa mgumu wa kusifu alimsifu kwa uaminifu, alitembea maisha yake yote akiitwa kwa majina matatu yaliyotolewa na wengine. Shenandoah naye aliitwa kwa jina la mahali. Lakini kwa Shenandoah jina hilo lilikuwa la muda, la kuazima, na tamthilia nzima ilisimama juu ya ahadi kwamba siku moja atalirudisha.

Novemba 1857 Bombay aliingia Kazeh, yaani Tabora, pamoja na Burton na Speke. Februari iliyofuata walikuwa Ujiji. Agosti 1858 alikuwa na Speke pale Mwanza, Speke alipoliona ziwa na kuamua moyoni kwamba ndicho chanzo cha Nile. Kisha Bombay akaenda na Speke na Grant, 1860 hadi 1863: Tabora tena, Karagwe, Buganda, Bunyoro, hadi Cairo, ambako yeye na wenzake walipigwa picha kabla ya kurudi Zanzibar kwa kuzunguka na meli hadi Mauritius. Mwaka 1871 Stanley alimfanya mkuu wa askari wake katika safari ya kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 ofisa wa Kiingereza, Cameron, akampa cheo hicho hicho, na Novemba 1875 wakatokea pwani ya Atlantiki huko Angola. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya fedha mwaka 1876, na malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Speke na Stanley wote waliwahi kumpiga, nao wenyewe ndio walioandika hivyo.

Tazama sasa ramani ya miguu yake. Kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, kutoka Tabora hadi Misri. Hakuna hata moja kati ya safari hizo iliyompeleka kusini, Uyao. Mtu aliyewasaidia Wazungu kutafuta mto unakoanzia hakupata msafara wa kumrudisha alikoanzia yeye.

Kwa nini hakwenda mwenyewe? Swali hili ni la mtu aliyelelewa na filamu. Shenandoah ana farasi, bastola na njia iliyo wazi mbele yake. Mtu mweusi aliyesafiri peke yake kutoka Kilwa kwenda bara katika miaka hiyo alikuwa bidhaa. Nguvu za Bombay zilitoka kwenye msafara, kwenye watu mia moja au zaidi wenye bunduki na bendera, na msafara ulikwenda alikotaka mwenye vitambaa. Tena nadhani kulikuwa na jambo zito zaidi. Aliyeona kijiji chake kikizingirwa na kukimbiwa anajua kwamba hakuna kijiji kinachomsubiri. Kwa nini akatafute majivu?

Hapa inafaa tuwatenganishe watu wa msafara, maana vitabu vingi huwachanganya. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili za pembe hadi pwani na kurudi na mzigo wa vitambaa, lakini alikuwa na kwao. Aliacha shamba, aliacha mke, alimjua mtemi wake, na aliporudi Unyanyembe msimu wa kulima aliitwa kwa jina lile lile aliloondoka nalo. Alikuwa mtu wa kazi ya kuheshimika. Kijana ambaye hakuwahi kufika pwani alichekwa. Waungwana wa Zanzibar, watu kama Bombay, walikuwa aina nyingine. Zitupie jicho orodha zao za majina: Mabruki, Baraka, Feruzi, Farjala, Almasi. Majina ya heri na ya vito, yanayong'aa yote, na nyuma ya kila moja kuna jingine lililozimwa. Wao kujiita waungwana lilikuwa tendo la ujasiri, na sijawahi kulichukulia vingine.

Pale Tabora kazi ya kuzima majina iliendelea hata mikononi mwa waliojiona wapinzani wa biashara ya watumwa. Mwezi wa Septemba 1871, Stanley akijiandaa kuondoka baada ya Waarabu kushindwa vibaya na Mirambo, mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimzawadia mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakulipenda jina hilo. Wakatafuta jingine, wakapata Kalulu. Mtoto akapelekwa Ulaya na Marekani, akasomeshwa Uingereza, akatajwa kwenye jalada la kitabu cha hadithi alichokitoa Stanley mwaka 1873. Machi 1877 alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo akiwa bado kijana mdogo. Maporomoko hayo Stanley akayaita Kalulu. Hata mauti hayakumrudishia jina la kwanza.

Nimesema Bombay hakwenda Uyao. Wako waliokwenda, na habari zao ndizo zinazonifanya nisiiamini kabisa ile ahadi ya Shenandoah.

Mwaka 1861, karibu na mto Shire, Livingstone na wamisionari wa Kianglikana waliwafungua kamba watu waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Miongoni mwa watoto waliokombolewa walikuwapo Chuma na Wikatani, Wayao wote wawili. Walilelewa na misheni, wakachukuliwa hadi India, wakasoma Bombay, mji ule ule uliompa mwenzao jina. Mwaka 1866 wakarudi Afrika na Livingstone, wakapanda kufuata Ruvuma, wakapita mji wa Mataka, wakafika kusini mwa Ziwa Nyasa. Huko, ghafla, likatokea lile ambalo Shenandoah alikuwa akilisaka kila wiki. Wikatani akakutana na ndugu yake. Akaambiwa kwamba ana ndugu wengine na dada, wako hai, wanakaa si mbali. Akaomba ruhusa abaki nao, akabaki.

Mwandishi wa tamthilia angepiga muziki hapo na kufunga. Lakini baba yake Wikatani, aliyekuwa amekwisha kufa, ndiye aliyemuuza. Nyumba ambayo kijana aliirudia ndiyo iliyomtoa. Naye alilijua hilo, akarudi hivyo hivyo. Nikifika sehemu hii huwa nafunga kitabu kwanza. Sisi wasomaji wa leo tunapenda kuambiwa kwamba waliotuvunja walikuwa wageni, na wageni walikuwapo, na bunduki na mitaji ilikuwa yao, na hawana pa kujificha. Lakini mkono wa kwanza, mara nyingine, ulikuwa wa nyumbani.

Chuma hakuweza kulibeba hilo. Walipokuwa katika nchi ya Wayao, akisikiliza watu wanaosema lugha yake, alianza kudai kwamba waliomkamata na kumuuza walikuwa Wamang'anja, kabila jirani. Livingstone, aliyejua mambo yalivyokwenda, alimkumbusha kwamba walikuwa Wayao wenzake. Chuma akakataa. Akashikilia kwamba hakuna Myao aliyewahi kumuuza mwanawe. Alipotajiwa habari ya Wikatani, rafiki yake waliyekombolewa pamoja, akakana. Alipotajiwa mtoto mwingine aliyeuzwa na baba yake pamoja na mama na dada yake, akajibu kwamba hao ni Wamang'anja. Livingstone aliyaandika haya katika shajara yake, akimwona Chuma kama mtu anayeamini kila anachoambiwa na watu wa kabila lake.

Mimi naona kijana anayejijengea pa kusimama. Umri wake haukupita sana miaka 15. Alikuwa amepewa nafasi adimu ya kulitazama lililopita usoni, akakuta haliwezi kukaliwa, akalitengeneza upya papo hapo, mbele ya shahidi aliyejua ukweli. Wanaosema kwamba mtu asiyejua alikotoka hajui aendako hawajakaa na Chuma. Alijua vizuri mno alikotoka. Aendako ndiko kulikomlazimisha abadilishe.

Miaka saba baadaye Chuma alifika Kwihara.

Kwihara ni pembeni mwa Tabora, mwendo mfupi kwa gari kati ya mashamba na miembe. Tembe inayoonyeshwa leo ni makumbusho yenye jina la Livingstone, kuta nene za udongo mwekundu, paa bapa na ua wa ndani. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, akaachana na Stanley, akaondoka Agosti kwenda kusini asirudi. Mnamo Oktoba 1873 alikuwamo Cameron, hoi kwa homa, macho yakimsumbua kiasi kwamba kusoma kulikuwa taabu. Tarehe 20 akaletewa barua iliyoandikwa na mtu asiyemjua, Jacob Wainwright. Akaisoma asiielewe. Akaagiza aliyeileta aingie. Akaingia Chuma, akamweleza kwamba Livingstone amefariki na kwamba wanauleta mwili.

Hebu tuhesabu waliohusika siku hizo. Chuma, Myao. Jacob Wainwright, mwandishi wa barua, naye Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Nasik huko India. Ndiye aliyesoma sala pale Chitambo moyo wa Livingstone ulipozikwa. Na mkuu wa askari wa Cameron, Sidi Mubarak Bombay. Watoto watatu wa nchi moja, walioporwa katika nyakati tofauti, waliopelekwa India wote watatu na kurudishwa, wamekutana Unyanyembe, mamia ya maili kutoka kwao, kwa ajili ya maiti ya Mskoti. Mwongozaji wa filamu akiandika hivyo ataambiwa amezidisha.

Cameron aliwashauri waizike maiti hapo. Njia ya kwenda pwani ilikuwa ndefu na ya hatari. Kuna wenye nchi ambao wasingekubali maiti ipite kwao. Walikataa. Vyombo vya Livingstone vya kupimia Cameron alichukua vingi akavitumia yeye, na hilo waliweza kulivumilia. Mwili hawakuuachia. Marehemu alipaswa kurudishwa kwao, akazikwe na watu wake. Chuma na Susi, mtumishi mwenzake wa Livingstone, wakauongoza msafara tena, wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Wako wanaosema walitarajia malipo, na malipo ni haki ya mfanyakazi, sioni aibu yake. Wengine husimulia kisa hiki kama cha watumishi waaminifu kwa bwana wao, na hapo ndipo ninapotaka kubisha kwa sauti. Utumishi hauwezi kueleza kwa nini walimkatalia ofisa wa Kiingereza aliye hai. Livingstone alikuwa na kitu ambacho Bombay hakuwa nacho na Chuma alikuwa amelazimika kukibuni: kwao kunakojulikana, kwenye jina, kwenye watoto wanaongoja. Mtu aliyeporwa kwao anajua thamani ya kupelekwa kwao. Nasema hivi bila karatasi ya kunithibitishia, kwa kuwatazama walichofanya tu. Walifanya kwa mtu mwingine safari ambayo hakuna aliyewafanyia wao.

Wainwright alifuatana na jeneza hadi London, akawa miongoni mwa waliolisindikiza ndani ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Chuma alifia Zanzibar mwaka 1882. Wainwright alirudi Afrika, akaishia magharibi mwa Tabora, Urambo, katika nchi ya Mirambo, kwa wamisionari, akafa huko mwaka 1892. Kwa hiyo mmoja wa Wayao watatu wa Kwihara ni wetu, watu wa Tabora, kwa kaburi.

Na si yeye tu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, jambo la juzi kwa hesabu ya mabibi. Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa kina jinsi waliokuwa watumwa katika Unyamwezi walivyojiundia jumuiya mpya, na wengi kupitia misheni. Lakini kwenye baraza za mjini mambo haya hayasemwi. Ukoo unahesabiwa vizuri hadi kwa babu fulani aliyekuja na msafara, hapo sauti inashuka na chai inaongezwa. Kuuliza zaidi ni utovu wa adabu. Nilikuwa nikiuona ukimya huo kama woga. Sasa nadhani ndani yake mna kazi kama ile ya Chuma: mtu fulani zamani aliamua kwamba ukoo utaanzia hapa, na waliomfuata wakamheshimu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, na Kwihara ikiwamo, kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Siku ikipitishwa, waigizaji na kamera watakuja, na bila shaka filamu ya Livingstone itatengenezwa kwa mara nyingine. Ningependa mtu wetu awahi. Aanzie mbali na Tabora, kule kusini mwa Ziwa Nyasa, Septemba 1866. Atuonyeshe Wikatani akitajiwa ndugu zake mmoja mmoja. Atuonyeshe na Chuma, kijana, akishikilia mbele ya wote kwamba waliomuuza walikuwa Wamang'anja. Livingstone alimsahihisha. Filamu isimsahihishe.